Matuta ya Wahubiri

Kanisa letu lilikuwa dogo kiasi kwamba mkutano wake mkuu ulienea ndani ya darasa moja la shule ya msingi pale Morogoro mjini, lakini sheria zake zilikuwa nyingi. Kijana aliyetumwa kuhubiri hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, hakugusa chai wala kahawa. Alivaa shati jeupe na tai hata jua linapochoma. Na hakwenda popote bila mwenzake. Wawili wawili ndivyo tulivyotumwa, na wawili wawili ndivyo tulivyopika, tulivyofua na tulivyogombana. Mimi, Mpare niliyekuwa nimeacha chuo cha ualimu ili nihubiri, nilipangwa na Mnyamwezi wa Tabora, kijana mrefu aliyekuwa akianza kucheka kabla hujamaliza kusema. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa ameomba kwa muda mrefu apewe mwenzi mchangamfu, na siku aliponiona alidhani Mungu alikuwa na shughuli nyingine.

Miaka ile ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Tulipelekwa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kwenye kijiji ambacho watu wake walikuwa Wakatoliki tangu enzi za babu zao na hawakuwa wameomba mhubiri mwingine yeyote. Jozi mbili za vijana zilikuwa zimetutangulia huko, na zote mbili kijiji kilizirudisha mjini. Mchungaji wetu, mzee mpole asiyepaza sauti hata akihubiri, alitusindikiza mpaka kwenye lori na kutueleza waziwazi kwamba sisi tulikuwa jozi ya tatu na kwamba ya nne haitakuwapo. Tukiruhusiwa kukaa, kanisa litakuwa na kituo milimani. Tukirudishwa, kituo kinafungwa, na mimi ningerejea kwa baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha kusema kwamba chuo cha ualimu hakiachwi kwa sababu ya nyimbo. Sijapata kutamani kitu kama nilivyotamani kuruhusiwa kukaa mahali ambapo sikuwa nimepaona bado.

Lori lilitushusha barabara ilipokoma, tukaanza kupanda kwa miguu. Wanawake waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi kichwani walitupita kwa wepesi wa watu wanaotoka jikoni kwenda uani. Sisi tulihema, tai zetu zimelowa. Mmoja wao, mama wa makamo, alisimama akatuuliza tunatoka wapi. Mwenzangu akamjibu kuwa yeye ni Mnyamwezi.

“Mnyamwezi?” yule mama alisema, akiwageukia wenzake. “Njooni mwone. Mizigo ya kwao imekwisha, wamekuja kutafuta ya kubeba kwetu.”

Mwenzangu akatua sanduku lake chini polepole. “Nimekuja kuhakikisha jambo, mama. Nimesikia mwanamume wa Kiluguru hana shamba mpaka amwombe mkewe. Nikasema nisiamini mpaka nione.”

Walitua mikungu yao ili wacheke vizuri. Huo ndio utani, deni la zamani kati ya makabila hayo mawili tangu Wanyamwezi walipokuwa wakipita chini ya milima hii na misafara ya wapagazi. Mtani hukutukana, hukuchukulia kuku wako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mimi sikuwa mtani wa mtu yeyote mahali pale. Nilisimama kando nikishika mfuko wa vitabu vya nyimbo, na yule mama alipotaka kujua mimi ni nani, mwenzangu alimwambia kwamba mimi ndiye mzigo.

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea katika ofisi yake, chumba kimoja kilichopakana na duka la ushirika. Hakuwa mtu mkali. Alisema kuhubiri tuhubiri tutakavyo, kwa kuwa serikali haina dini, lakini kijiji hakina ugali wa bure. Kila mtu mzima analima. Mvua za masika zikianza, halmashauri ya kijiji ingezunguka mashambani, na yeyote ambaye hatakuwa na shamba lililopandwa ataitwa mzururaji, na mzururaji hushushwa mjini. Mwenzangu akamwambia kuwa hata mtume wetu mmoja aliandika hivyo hivyo, kwamba asiyefanya kazi asipewe chakula. Mwenyekiti alilitafakari jambo hilo kwa makini, kisha akauliza kama mtume huyo alikuwa mwanachama.

“Alikuwa mshona mahema, Ndugu Mwenyekiti.”

“Mfanyakazi,” alisema mwenyekiti. “Basi anafaa.”

Lakini ardhi hakuwa nayo yeye. Upande huo wa milima ardhi ni ya koo, nazo koo hufuata upande wa mama. Bendera ya chama ilipepea juu ya ofisi, ila aliyetaka mahali pa kupanda mgomba alijua mlango wa bibi gani wa kubisha hodi. Tulipelekwa kwa bibi mmoja mjane, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko ya mwenyekiti. Alitukagua kuanzia viatu hadi tai, akatukodolea macho hasa kwenye tai, kisha akatuazima kibanda kilichokuwa cha mwanawe na mteremko uliokuwa nyuma yake. Mteremko huo ulikuwa mkali kiasi kwamba hata kuku wake walikuwa wakiukatiza upande upande.

Miezi ya kwanza ilikuwa na furaha kuliko nilivyotarajia, ingawa haikuwa na matunda yoyote ambayo mchungaji angeyahesabu. Tulibisha hodi kila nyumba. Mara nyingi tulikaribishwa na chai, na hilo lilikuwa balaa, kwa sababu sukari ilikuwa adimu dukani na mwenye nyumba alikuwa ameitoa ile aliyoificha. Nasi tulilazimika kueleza kwamba dini yetu hairuhusu. Mzee mmoja alitusikiliza, akanywa vikombe vyote vitatu, akasema dini yetu ni nzuri sana na tuje tena kesho. Mwingine alinipa nafasi ya kueleza habari za ubatizo tangu mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza hata mara moja, nami nilifurahi hadi mwenzangu aliponionyesha kwamba alikuwa amelala. Katekista wa Kikatoliki wa kitongoji chetu, ambaye tulidhani atakuwa adui, alisimama nje ya kibanda tulipokuwa tukifanya mazoezi ya wimbo, akaingia, akatuambia kwamba sauti ya pili tunaiharibu, akatufundisha. Kisha akatuazima benchi, maana hakupenda kuona watu wakimwimbia Mungu wamekaa juu ya debe.

Watu wengi walikuja kwetu, lakini hawakuja kwa ajili ya mahubiri. Walikuja kumtukana mwenzangu. Asubuhi alipitiwa na wanawake waendao mtoni wakimwuliza kama amekwisha kubebea watu kuni; jioni aliwajibu wanaume wao kwamba walale mapema wasije wakafukuzwa na wake zao. Wakati mwingine kuku wa mtu alikutwa akichemka katika sufuria yetu, na mwenye kuku akaja kula naye. Jambo hilo lilinisumbua. Nilimweleza mwenzangu kwa utaratibu kwamba tumetumwa kuleta habari njema, na kwamba kuku wa wizi si njia ya kuileta. Akanijibu kuwa habari hailetwi mahali ambapo hujakaribishwa kukaa.

Masika yalipokaribia nilianza kufikiria shamba, na hapo ndipo nilipojiona nina mchango. Kwetu Upare mteremko kama ule hauachwi hivi hivi. Baba yangu alikuwa amenifundisha tangu utotoni kukata matuta ya ngazi, yaani kuuchimba mlima kuwa vidaraja vya usawa ili mvua isiondoke na udongo. Nilichukua kamba na chupa ya kioo iliyojazwa maji nusu, nikapima usawa wa kila daraja, nikapigilia vigingi. Mwenzangu akachimba nilipomwonyesha. Tulifanya kazi hiyo kwa majuma kadhaa. Hata sasa, nikiyakumbuka yale matuta, siwezi kuyasema vibaya. Kingo zake zilikuwa zimenyooka, maji yalitulia juu yake kama kwenye sahani, na ukiyatazama kutoka bondeni ulidhani mtu ameuchonga mlima kwa kisu.

Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama, lakini hawakusema kitu. Niliuhesabu ukimya huo kuwa ni heshima.

Siku tulipokuwa tukimaliza daraja la juu, Bwana Shamba wa tarafa alipita akielekea kijiji cha pili. Alipoona kazi yetu alisimama, akavua kofia, akapanda mteremko wote kuja kutushika mikono. Alisema kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika kwenye njia, kwamba amezunguka milima hii miaka mingi akitafuta mtu mmoja tu wa kuonyesha mfano, na kwamba laiti kijiji kizima kingefuata nyayo za vijana hawa. Nilimshukuru. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu tulipopanda kule.

Kesho yake hakuna mtu aliyemtukana mwenzangu.

Wanawake walipita kwenda mtoni wakatazama mbele. Mwanamume aliyekuwa akila nasi kila alipoibiwa kuku alitusalimu kwa adabu, akaenda zake. Tulipobisha hodi tuliambiwa wenyewe hawapo, na sauti iliyotuambia hivyo ilikuwa ya wenyewe. Mwenzangu, ambaye sikuwa nimewahi kumwona amenyamaza, alikaa kwenye benchi la katekista akashika tama. “Mtani akianza kukusalimu vizuri, ndugu,” alisema, “ujue umekwisha kufa na hukuambiwa.”

Bibi mwenye shamba alikuja jioni ya siku ya pili yake, fimbo mkononi. Tulimwamkia, tukampa benchi. Aliitikia marahaba, lakini hakuketi.

“Nani amewatuma?”

Nikaanza kumweleza kuhusu kanisa.

“Siulizi kanisa. Kanisa lenu nalijua, nalisikia kila asubuhi linaimba. Nauliza matuta haya. Nani amewatuma matuta?”

Nilimjibu kwamba hakuna aliyetutuma. Kwetu ndivyo tunavyolima, na baba yangu ndiye aliyenifundisha.

“Kwenu,” alisema. Akageuka, akayaelekezea matuta fimbo. “Mimi nimeyachimba haya nikiwa na mimba, baba. Hapa hapa. Mzungu kasimama pale juu, karani anaita majina. Mume wangu alikosa siku moja, alikwenda kumzika dada yake. Wakamtoza faini, mbuzi akaondoka. Tukachimba, tukachimba, udongo mweusi ukaenda chini, mwekundu ukaja juu, mahindi yakatoka kama vidole. Mpaka milima yote ilipokataa, tukaletewa askari. Sasa mmekuja ninyi na mashati meupe. Kwanza tunaimbiwa. Halafu Bwana Shamba anakuja kuwashika mikono. Watu wanasema hawa si wa Mungu, hawa wametangulizwa.”

Mwenzangu alimwuliza yeye mwenyewe anasemaje.

“Mimi nasema shamba ni langu, na mlango mliopitia ni wangu. Jumapili baada ya misa mwenyekiti ataitwa. Watu watasema, nanyi mtashuka. Nimekuja kuwaambia ili msiseme bibi alikaa kimya.”

Alipoondoka nilianza mara moja kupanga maneno yangu ya Jumapili. Nilikusudia kueleza tofauti kati ya matuta ya kulazimishwa na ya hiari, kisha tabia ya maji kwenye mteremko, kisha namna ya kuurudisha udongo wa juu mahali pake, jambo ambalo wakoloni, kwa haraka yao, hawakulifanya. Niliyasema maneno hayo mbele ya mwenzangu, naye alisikiliza mpaka mwisho.

“Ni mazuri,” alisema. “Na kila utakavyoeleza vizuri zaidi, ndivyo watakavyoamini zaidi kwamba umetumwa.”

Nilimwuliza basi tufanye nini, tuombe radhi? Akatikisa kichwa. Mimi nikiomba radhi, alisema, watanisamehe kwa moyo mmoja na kunishusha mjini, kwa kuwa mimi ni mgeni tu. Mtani haombi radhi. Mtani hukamatwa, akatozwa faini, na akikwisha kulipa hakuna mwenye haki ya kumfukuza. Ila faini hiyo tuliijua sote wawili itakuwa nini. Aliniuliza kama niko tayari. Nilitoka nje, nikapita juu ya matuta yote kuanzia la chini hadi la juu, nikarudi ndani nikamwambia niko tayari. Hakunicheka, na hilo nalikumbuka.

Jumapili misa ilipotoka, watu waliikuta njia ya kwenda kwenye uwanja wa mkutano imezibwa. Mwenzangu alikuwa amelala chali katikati yake, shati jeupe na tai, macho yamefumbwa, kamba imefungwa kiunoni. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa imefungwa kwenye mpini wa jembe nililolishika mimi. Wa kwanza walimzunguka wakapita pembeni. Kisha njia ikajaa, ikawa haiwezekani kupita bila kumtazama. Mwanamume yule wa kuku alisimama.

“Huyu amekufa?”

“Bado,” alijibu mwenzangu bila kufumbua macho. “Nasubiri kununuliwa. Nimesikia Waluguru wamekosa mtumwa, mashamba yao wanalimiwa na wake zao.”

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti, aliyekuwa amefika, alisema mkutano haujafunguliwa na kwamba njia ya umma haizibwi. Hakuna aliyemsikiliza pia. Watu wote walikuwa wakimtazama bibi, maana ndiye aliyekosewa, naye alikuwa amesimama na rozari bado mkononi. Angeweza kumruka na kwenda zake, na mambo yetu yangeishia hapo. Alisogea mbele, akamchoma mwenzangu ubavuni kwa ncha ya fimbo, kama mtu anayepima kiazi.

“Mbavu tupu,” alisema. “Nani atamlisha huyu?”

Ndipo njia yote ilipopasuka kwa kicheko, na nilijua, kabla mtu hajatamka neno, kwamba angalau siku hiyo hatushuki.

Ulifuata ubishi mrefu juu ya faini, na wale waliokuwa wamejiandaa kututolea hoja nzito mbele ya mwenyekiti walijikuta wakipandisha na kushusha bei ya Mnyamwezi. Wengine walitaka mbuzi, kwa ajili ya yule aliyechukuliwa. Hatimaye bibi alikata shauri: kila tuta tulilochimba lifukiwe, wafukiaji wawe wote waliowahi kuchimba wakati ule na watoto wao, na wenye kosa wapike. “Na pombe,” aliongeza.

“Bibi, dini yetu...” nilianza.

“Mzigo unasema nini?” alimwuliza mateka wake.

“Unasema pombe hatupiki. Togwa tutapika.”

“Mnyamwezi apike togwa?”

“Atapika Mpare. Wapare ni wabahili, hatapoteza hata punje.”

Huo ulikuwa utani wa kwanza kufanyiwa kabila langu milimani, na ulitoka kwa mtu asiyekuwa na haki nao.

Kupika togwa kulinifundisha kwamba uji, kimea na subira si vitu vitatu bali ni kimoja, na kwamba ukiacha kimoja unapata gundi. Jirani mmoja alinisimamia kwa huruma. Siku ya kazi ilipofika walikuja wengi kuliko nilivyowaza, wazee kwa vijana, na majembe yao. Walitaka nianze mimi. Nilipanda daraja la juu kabisa, lile ambalo Bwana Shamba alikuwa amelisifu, nikapiga jembe ukingoni. Udongo ulianguka kwa urahisi. Kazi nzuri haikuuzuia. Baada ya hapo sikupata nafasi ya kusikitika, maana mteremko mzima ulianza kutembea. Wanawake waliimba, na wanaume wakaufuata wimbo kwa majembe.

Katikati ya kazi mzee mmoja aliokota chupa yangu ya maji, akajivika sufuria kichwani kama kofia, akaiweka chupa mbele ya jicho moja na kuanza kutembea kwa miguu iliyokakamaa, akiamuru huku na huku: juu kidogo, chini kidogo, wewe hukuja jana. Watu waliacha majembe. Wenye umri walimzunguka wakajibu kama walivyokuwa wakijibu zamani, ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku wakilia kwa kicheko. Bibi alicheka mpaka akalazimika kuketi juu ya udongo, na alipoketi hapo, juu ya tuta lililokuwa limefukiwa nusu, aliomba togwa. Alionja. Akasema ni kama togwa.

Mwenyekiti alikuwa ndiye mtu pekee mwenye wasiwasi. Alinivuta kando akaniuliza, kikombe mkononi, Bwana Shamba akirudi atamwambia nini. Nilimwambia kwamba siwezi kumshauri kusema uongo. Alifikiri. “Nitasema milima imekataa,” alisema, akaenda kuongeza kikombe.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulipanda kama bibi alivyotuelekeza: magugu yakalazwa kwa mistari ya kukatiza mteremko, mahindi na maharage yakachanganywa, na yeye akasimama juu akitukosoa. Halmashauri ilipozunguka kukagua, mjumbe mmoja alidai kwamba shamba hilo si letu kwa haki, kwa kuwa kijiji kizima ndicho kilichoshika majembe. Mwenyekiti aliutazama mteremko, ambao sasa haukuwa na dalili yoyote ya yale tuliyoyafanya.

“Walichimba, wakafukia,” alisema. “Mzururaji hachimbi mahali pamoja mara mbili. Wabaki.”

Nilimwandikia mchungaji kwamba kituo kimepatikana. Sikuwa na mtu wa kubatizwa wa kumtajia, na kwa miezi mingi baadaye sikuwa naye. Lakini Jumapili iliyofuata, tulipoanza ibada yetu ya alasiri, wawili tu ndani ya kibanda, nilisikia watu wakikaa nje, mmoja baada ya mwingine, chini ya ukingo wa paa. Kuingia hawakuweza, wasije wakasemwa wamehama kanisa. Kuondoka nako hawakutaka. Katekista alikuwapo. Bibi alikuwapo, akiuliza kwa sauti nzito kama Mnyamwezi atahubiri lini au anangoja alipwe. Mwenzangu alinitazama. Tukalishika benchi, yeye huku na mimi kule, tukalitoa nje.